Anza na Nyayo: Jinsi ya Kutathmini Mkao na Ufundi Katika Mfululizo wa Taichi

Mpe mtu asiyezoea karatasi na kalamu amtathmini mchezaji wa taichi, sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole inayofuatana bila kukatika, na karatasi itarudi imejaa habari za mikono. Ni kweli mikono ndiyo inayovuta macho. Lakini kwenye taichi mkono ndio unaofika mwisho: nguvu huanzia unyayoni, hupanda mguuni, huongozwa na kiuno, ndipo hujitokeza vidoleni. Bega lililopanda, kiwiko kilichokakamaa au kiganja kinachotetemeka mara nyingi ni dalili tu, na chanzo chake ni mguu uliotua vibaya sekunde mbili kabla. Anayetathmini kuanzia juu ataorodhesha makosa kumi ambayo kwa kweli ni mawili.

Mwongozo huu ni wa walimu, waamuzi wa mashindano madogo na wachezaji wanaotazamana wenyewe kwa wenyewe katika vikundi vya Arusha na Moshi. Mifano yote tumeitoa kwenye mfululizo wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka 1956 kutoka mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo mikuu ya taichi, kwa sababu ndio unaofundishwa zaidi duniani na ndio vikundi vingi huanza nao. Ukichezwa kwa mwendo wake huchukua dakika 4 hadi 6.

Uwanja na mahali pa kukaa

Mtu mmoja anahitaji nafasi ya mita 6 kwa 4 hivi. Zulia la mashindano ya kimataifa lina mita 14 kwa 8, ila kwa tathmini ya klabu si lazima.

Mchezaji aupe mlima mgongo. Arusha mjini Mlima Meru uko kaskazini, na Moshi mjini Kilimanjaro iko kaskazini vilevile, hivyo katika miji yote miwili mchezaji ataanza akitazama kusini na hutahitaji dira. Wewe kaa mbele yake, mita 5 hadi 6, ukitazama mlima. Miondoko ya mwanzo inakwenda kushoto kwa mchezaji, yaani mashariki, kwa hiyo asubuhi mapema atacheza akilitazama jua usoni, atakunja uso na kuinamisha kichwa, nawe utamwandikia kosa la kichwa ambalo si lake. Subiri mpaka saa 2 na nusu hivi, jua likiwa limepanda, na umalize kabla ya saa 4 au 5, hasa Moshi ambako joto la mchana huchosha haraka. Mwezi wa Juni na Julai jua huchomoza likiwa limeegemea kaskazini. Likikuchoma jicho la kulia, sogeza kiti chako upande huohuo wa kulia kidogo.

Kama mko wawili, mwenzako asikae karibu nawe. Akae kwenye ncha ya mashariki, mahali mchezaji anapoelekea. Wewe uliye mbele utaona hatua nyingi ubavuni: mwili unaoinama, goti linalopita vidole vya mguu, makalio yanayobinuka. Yeye ataziona kwa mbele: goti linaloingia ndani, nyonga inayochomoza pembeni, hatua iliyo nyembamba. Huwezi kuyaona yote ukiwa mahali pamoja. Ukiwa peke yako, muombe mchezaji arudie na ubadilishe mahali.

Sakafu ina maneno yake. Saruji iliyopigwa niru huteleza, na mchezaji anayeogopa kuteleza hufupisha hatua na kutazama chini. Ukoka wenye umande hukamata soli mguu unapozungushwa, na mzunguko ulioshindwa kutokea kwenye kisigino huhamia kwenye goti. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, uwanja wa udongo si wa kutathminia. Hamieni ukumbini au barazani. Lakini kiangazi, uwanja wa udongo mkavu wenye vumbi laini ndio bora kuliko yote, na sababu yake tutaieleza kwenye nyayo. Upitishie ufagio wa chelewa kabla ya kila mchezaji.

Nyuma ya mchezaji pakiwa na ukuta wa bloku usiopigwa plasta, umepata kipimo cha bure. Chagua mstari mmoja wa jointi ulio karibu na kimo cha utosi wake, kisha kaa bila kusogeza kichwa chako. Kila utosi unapopanda au kushuka dhidi ya mstari ule utaona.

Simu ya kurekodi iwekwe kwenye kimo cha kitovu cha mchezaji. Ikiwekwa juu inafupisha miguu. Ikiwekwa chini inafanya mkao wa juu uonekane wa chini. Video ni ya kuhakiki. Haionyeshi uzito uko mguu gani, na uzito ndio habari kubwa kuliko zote.

Mchezaji avae suruali isiyo pana sana, na raba zenye soli nyembamba na bapa. Soli nene ya kukimbilia huinua kisigino na kumfanya aegemee mbele. Bandika kipande cha utepe mweupe juu ya kila goti. Asubuhi za baridi Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mpe dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili kabla hujaandika chochote. Nyonga baridi hazifunguki.

Mara ya kwanza usishike kalamu

Mwache acheze mfululizo mzima, nawe tazama tu. Jiulize maswali matatu: Je, mwili ulikaa kwenye kimo kimoja? Je, kuna mahali alisimama kama mtu anayekumbuka kinachofuata? Je, ulihisi wasiwasi kwamba ataanguka, na ilikuwa wapi? Macho yenye uzoefu hukamata mahali penye shida kabla hayajajua shida ni nini. Andika majina ya miondoko hiyo baada ya kumaliza, kisha mara ya pili nenda moja kwa moja kwenye nyayo za miondoko hiyo.

Nyayo na uzito

Hapa ndipo muda wako mwingi uende.

Hatua ya taichi ina sehemu tatu zisizochanganywa. Kwanza uzito wote unakaa kwenye mguu mmoja. Pili mguu mwingine, ukiwa mtupu, unatanguliza kisigino na kugusa ardhi bila kubeba chochote. Tatu ndipo unyayo unalala na uzito unahamia polepole. Kosa la kwanza kwa wanaoanza, na kwa wengi waliocheza miaka, ni kuunganisha ya pili na ya tatu: mguu unapotua, mwili umekwisha kuanguka juu yake. Mchezaji hakupiga hatua, amejidaka.

Namna ya kulipima: kwenye mazoezi, mwambie "simama" kisigino kinapogusa tu. Kisha mwambie arudishe mguu alikoutoa. Akiweza bila kuinamisha kifua wala kusukuma ardhi, hatua ni safi. Akishindwa, uzito ulishaondoka. Kwenye onyesho lenyewe huwezi kumsimamisha, ila unaweza kusikiliza: hatua safi haina sauti, na mguu unaoangukiwa hutoa kishindo kidogo hata juu ya nyasi.

Hatua ya upinde, ile ya goti la mbele lililokunjwa na mguu wa nyuma ulionyooka bila kukazwa, hubeba uzito takribani asilimia 70 mbele na 30 nyuma. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 42 na 18. Mkipata mizani mbili za kupimia uzito zenye kimo kimoja, mpandishe mchezaji, mguu mmoja kila mizani, asimame kama anavyosimama siku zote kisha asome namba. Wengi wanaodhani wako 70 kwa 30 hukuta nusu kwa nusu, wengine hupitiliza. Zoezi hilo la dakika tano hufundisha zaidi ya maelezo ya mwezi.

Upana wa hatua hiyo ndio unaosahaulika. Ukitazama kutoka mbele, visigino viwili visiwe kwenye mstari mmoja; kati yake pawe na sentimita 10 hadi 30 kwa upana. Kwenye Kugawa Singa za Farasi Mwitu na Kupangusa Goti (haya, kama mengine yenye herufi kubwa hapa chini, ni majina ya miondoko), chukua karibu 30. Hatua ikiwa nyembamba nyonga hukosa nafasi ya kugeuka, mwili hutikisika pembeni, na mabega hupanda kutafuta mizani. Ukiona bega limepanda kwenye Kupangusa Goti, kabla hujaandika "bega", tazama upana.

Na hapa ndipo vumbi linapofanya kazi. Mchezaji akimaliza Singa za Farasi mara tatu, mwambie asogee, kisha pita ukisoma alama. Chukua tepu ya fundi upime upana kati ya visigino. Angalia kila mahali mguu wa mbele ulipozungushwa nje kabla ya hatua iliyofuata. Mguu uliozungushwa vizuri, yaani mchezaji alirudisha uzito nyuma kwanza, huacha kishimo kidogo cha kisigino na tao safi lililochorwa na vidole. Mguu uliozungushwa ukiwa umebeba uzito huacha vumbi lililokorogeka chini ya unyayo mzima, bila tao. Kwenye saruji yenye mchanga kosa hilo husikika: soli inasaga. Liandike kila linapotokea, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye alama. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, na likisokotwa huku limebeba mwili, mzigo huangukia gegedu na kano za ndani. Ukizungusha nje, nyuzi 45 zinatosha.

Hatua tupu, ile ya uzito kukaa mguu wa nyuma na wa mbele kugusa tu, kama kwenye Korongo Mweupe na Kupiga Kinanda, ni rahisi kuipima: mguu wa mbele ungeweza kuinuliwa wakati wowote bila mwili kusogea. Ukiona kidole gumba cha mguu wa mbele kimebonyea ardhini na ngozi ya raba imekunjamana, kuna uzito pale usiotakiwa.

Goti

Mambo mawili tu. Goti la mbele lisipite ncha ya vidole vya mguu. Hili huonwa na aliyekaa ubavuni. Na liwe limeelekea kule vidole vinakoelekea. Hili huonwa na aliye kwenye ncha ya mashariki, akitumia ule utepe mweupe. Utepe ukiwa juu ya kidole cha pili cha mguu, sawa. Ukiwa ndani ya kidole gumba, goti limeanguka ndani. Chanzo huwa ama hatua nyembamba, ama nyonga iliyogeuzwa kupita uwezo, ama misuli ya nyonga iliyo dhaifu. Mbili za kwanza unaweza kuzirekebisha leo. Ya tatu inataka mazoezi ya wiki kadhaa, na kumkemea mchezaji hakuongezi nguvu.

Goti la nyuma nalo lisifungwe kwa kukazwa. Likifungwa, kisigino cha nyuma hukatika na ardhi au ukingo wa nje wa unyayo huinuka.

Nyonga, kiuno na mgongo

Yang Chengfu, mwalimu mashuhuri wa ukoo wa Yang aliyefariki mwaka 1936, aliacha kanuni kumi ambazo hadi leo ndizo msingi wa kutathmini mtindo wa Yang. Kadhaa kati yake zinahusu mhimili wa mwili: utosi uinuliwe kwa wepesi, kifua kisitunishwe, kiuno kilegezwe. Kuzitazama kwa vitendo, tafuta mstari kutoka utosini hadi kwenye kitokono. Mbele ya mchezaji aliyesimama ubavu, shika timazi ya fundi mwashi kwa urefu wa mkono, fumba jicho moja, na ulinganishe uzi na mgongo wake. Utaona mara moja kama makalio yamebinuka nyuma, au kama, kinyume chake, ameyavuta ndani kwa nguvu hadi mgongo wa chini umekuwa bapa na mapaja yanatetemeka. Yote mawili ni makosa. La pili husababishwa na walimu wanaosema "ingiza makalio" bila kusema kiasi gani.

Kugeuka kwa kiuno hutazamwa kwenye vifungo vya shati. Mchezaji avae shati la vifungo au fulana yenye mstari wa katikati. Kwenye Mikono ya Mawingu, mstari wa vifungo na kiganja cha juu vifike pamoja. Kiganja kikitangulia na vifungo vikibaki mbele, mikono inapunga yenyewe. Vifungo vikigeuka lakini na mkanda wa suruali ukayumba kulia na kushoto, nyonga zinachezeshwa, na hiyo ni ngoma nyingine. Nyayo katika mwondoko huu ziwe sambamba, na zikikutana pawe na sentimita 10 hadi 20 kati yake.

Mabega hadi vidole

Ukishafika hapa ukiwa umesafisha chini, kazi iliyobaki ni ndogo. Tazama umbali kati ya sikio na bega: usipungue mkono unapopanda. Kiwiko kielekee chini, kiwe chini ya kimo cha bega, na kisibane ubavu. Kwapani pawe na nafasi ya ngumi moja. Mkono usinyooshwe hadi kiwiko kufunga. Kiganja kinaposukuma, kifundo cha mkono kishuke na vidole vipande, bila kukikunja hadi mwisho. Vidole viachane kwa asili yake. Ngumi ifungwe bila kubanwa.

Macho yaongoze. Yafuate mkono unaofanya kazi na kutazama mbali kupita ncha ya vidole. Kutazama sakafu ni kosa, lakini kabla ya kuliandika hakikisha sakafu haimtishi.

Miondoko inayofichua

Kama una muda wa kutazama miondoko michache tu, chagua hii.

Kumfukuza Tumbili. Ni kurudi nyuma mara nne. Ncha ya mguu itangulie kugusa, uzito uhamie, kisha mguu wa mbele unyooshwe kwa kuzungukia kwenye nyama ya mbele ya unyayo. Kosa linalojirudia ni mguu kutua moja kwa moja nyuma ya mwingine, au hata kuvuka. Chora mistari miwili ya chaki yenye nafasi ya sentimita 20 kati yake. Kila mguu ubaki kwenye mstari wake.

Teke la kisigino, kulia kisha kushoto. Wasimamizi wengi huzawadia kimo cha teke. Tunashauri vingine: tazama mguu unaosimama kwanza. Goti lake liwe limelegea kidogo, kisigino kisiinuke, kiwiliwili kisiegemee nyuma. Teke la kimo cha kiuno lenye mwili wima lina thamani kuliko la kimo cha kifua lenye mgongo uliopinda. Mikono ifunguke pamoja na mguu, ikiwa na kimo cha bega, na kiwiko cha upande unaopiga kiwe juu ya goti lake. Mguu ushuke kwa hiari ya mchezaji. Ukianguka, hata kama onyesho lilipendeza, andika.

Mjeledi Mmoja. Mkono wa ndoano hufichua bega. Ukivutwa nyuma ya mgongo, kifua kinafunguka na kiuno kinapinda. Vidole vyote vitano vikutane kwenye ndoano, kifundo kikiwa karibu na kimo cha bega.

Nyoka Ateremka, kisha Jogoo Asimama kwa Mguu Mmoja. Kwenye kushuka, mguu uliokunjwa ukae na kisigino ardhini, na mguu ulionyooshwa ulaze unyayo mzima, vidole vikigeuzwa ndani kidogo. Makosa matatu huja pamoja: ukingo wa nje wa unyayo kuinuka, makalio kubinuka, kichwa kuinama ili kuonekana amefika chini. Mwenye nyonga ngumu anayeteremka nusu kwa mwili wima amecheza vizuri kuliko aliyegusa chini kwa kujikunja. Kuinuka kuingia kwenye Jogoo kutoke kwenye kusukuma kwa mguu wa nyuma na kuzungusha vidole vya mbele nje. Anayerusha mikono ili ajinyanyue atayumba akifika juu.

Mtiririko, kasi na pumzi

Kimo kimebaki kilekile? Rejea mstari wa jointi ukutani. Pale panaporuhusiwa kubadilika ni kuanza na kufunga, Korongo Mweupe kidogo, mateke, Nyoka na Jogoo, Sindano Chini ya Bahari na Mikono Msalaba. Kwingineko, utosi unaopanda kila hatua maana yake mchezaji ananyoosha mguu ili avute mwingine. Miguu imechoka au mkao ulianza chini kuliko uwezo wake. Mwambie ainue mkao sentimita chache tangu mwanzo.

Kasi ipime kwa saa. Pima Kushika Mkia wa Shomoro upande wa kushoto, kisha upande wa kulia; ni mwondoko uleule uliogeuzwa, kwa hiyo muda ulingane. Tofauti ikizidi sekunde 3 kuna upande dhaifu. Wengi pia huharakisha kuanzia mateke na kuendelea, kwa hofu, na mfululizo wa dakika 5 unamalizika kwa mbio.

Pumzi isionekane. Mabega yakipanda na kushuka, pumzi iko kifuani. Mgeni aliyetoka pwani anaweza kuhema kidogo siku za mwanzo Arusha, mpe nafasi.

Usimhukumu kwa mtindo usio wake

Uliza kabla: unacheza mtindo gani? Yote tuliyosema kuhusu mwili wima ni ya Yang. Katika mtindo wa Wu uliotoka kwa Wu Jianquan, mwili huegemea mbele kwenye hatua ya upinde, mstari ukinyooka kutoka kisigino cha nyuma hadi utosini. Ukimkata alama kwa kuinama umekosea wewe. Mtindo wa Chen una kukanyaga, kuruka na kutoa nguvu kwa ghafla, kwa hiyo kasi haitakuwa moja. Mtindo wa Sun hutumia mikao ya juu, na mguu wa nyuma huufuata wa mbele kila hatua. Kinachobaki kilekile kwa wote ni uzito uliotenganishwa, goti linalofuata vidole vya mguu, mabega yaliyotulia na kiuno kinachoongoza.

Kutoa alama

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, hutoa alama kati ya 10. Kwa mifululizo isiyo na vipengele vya ugumu kama miruko, 5 ni za ubora wa miondoko na 5 za utendaji wa jumla. Kwenye ubora, kila kosa hukatwa 0.1, kuanguka hukatwa 0.3. Mfumo huo unafaa mashindano ya klabu pia, kwa sharti moja: tofautisha kosa na mnyororo wake. Mguu ukitua kwenye hatua nyembamba, goti likaingia ndani, mwili ukayumba na mkono ukatetemeka, mtathmini anayekata mara nne amemwadhibu mchezaji mara nne kwa jambo moja. Kata hatua, na kata kuyumba ikiwa kulionekana wazi. Mengine yaandike pembeni bila kuyakata, yatakusaidia wakati wa kumweleza.

Waamuzi wawe watatu. Waandike kila mmoja peke yake bila kunong'onezana, kisha chukueni wastani. Mkitofautiana kwa zaidi ya 0.5, rudini kwenye video ya mwondoko husika tu, si kwenye mfululizo mzima. Kabla ya mashindano, tazameni wote mchezaji mmoja asiyeshindana, mlinganishe karatasi. Hapo ndipo mtagundua kwamba mmoja wenu hakati magoti kabisa.

Kwa darasa la kawaida alama hazina maana. Safu nne kwenye daftari zinatosha: jina la mwondoko, kilichoonekana, chanzo, zoezi. Kwenye safu ya pili andika unachoweza kukionyesha kwa kidole kwenye video. "Hana utulivu" haifai. "Hatua ya pili ya Tumbili, mguu wa kushoto ulitua nyuma ya kisigino cha kulia, mwili ukaegemea kulia" inafaa.

Kumweleza mchezaji

Mtajie kosa moja, mawili yakizidi sana, na yote yawe ya chini kabla ya juu. Anza na lililojirudia mara nyingi, hata kama si kubwa. Sema mahali, sema wakati, sema chanzo, mpe zoezi lenye idadi: kwa mfano, hatua 20 kila mguu kwenye mistari miwili ya chaki, mikono nyuma ya mgongo, kila asubuhi.

Vikundi vyetu vina wazee. Mzee hasahihishwi mbele ya vijana. Baada ya mazoezi, msogelee, mwamkie, kaeni pembeni: "Mzee, shikamoo. Ile hatua ya kurudi nyuma imetulia leo. Ningeomba tujaribu kuipanua kidogo, goti litapumua." Ukitaka kumgusa bega au nyonga kumwelekeza, mwombe ruhusa kwanza, na kwa mama au dada ni vema mwanamke mwenzake ndiye aguse. Anayelalamika goti linauma asitathminiwe siku hiyo. Mpandishe mkao, mwondolee Nyoka Ateremka, na maumivu yakiendelea aende hospitali kabla ya kurudi uwanjani.

Rudia tathmini baada ya wiki 4 hivi, uwanja uleule, saa ileile, simu kwenye kimo kilekile. Anza kwa kutazama kosa ulilomtajia mara ya mwisho, ulinganishe video mbili za mwondoko huohuo, ndipo utafute jipya.